Picha ya kifua na TB ya mapafu kwa vijana: maswali ninayoulizwa mlangoni

Miaka mingi sasa nasimama nyuma ya kioo cha chumba cha eksirei hapa Mombasa nikiwaambia vijana, "Vuta pumzi, izuie hapo hapo." Picha ikishatoka, mzazi hubaki mlangoni ameshika bahasha kubwa, na hapo ndipo maswali huanza. Nimeyaandika yale yanayojirudia, hasa ya wazazi wenye watoto wa miaka 10 hadi 19. Rika hili ndilo hututaka tutulie zaidi mbele ya picha. Si watoto tena na si watu wazima bado, na kifua kikuu chaweza kuwajia kwa sura ya kitoto, kwa sura ya kikubwa, au kwa sura zote mbili kwenye picha moja.

Ripoti yasema kuna weupe juu ya pafu la kulia. Ndiyo TB hiyo?

Huenda ikawa, lakini picha peke yake haiwezi kuutaja ugonjwa kwa jina. Miale ya eksirei hupita kwenye hewa bila kuzuiwa, na inapopita kwa wingi picha huwa nyeusi. Mfupa huizuia, nao waonekana mweupe. Pafu limejaa hewa, kwa hiyo latakiwa liwe jeusi, na ndani yake mishipa ya damu itawanyike kama mizizi myembamba. Tukikuta weupe mahali palipotakiwa kuwa peusi, maana yake hewa imeondoka na kitu kingine kimeingia: usaha, maji, damu, kovu au uvimbe. Picha hutuonyesha kwamba kuna kitu, kiko wapi na kimeenea kiasi gani.

Mahali ndipo panapotuongoza. TB ya kikubwa hupenda sehemu ya juu ya pafu, nyuma ya mtulinga, na pia ile sehemu ya kati iliyo upande wa mgongoni. Sababu inayotajwa sana ni oksijeni: huko juu ipo kwa wingi, na bakteria wa TB huihitaji ili wazaane. Basi kijana aliyekohoa wiki kadhaa, anayeloa jasho usiku, ambaye shati la shule limeanza kumpwaya, akiwa na weupe huko juu tutamshuku TB mpaka vipimo vituambie vinginevyo. Nimonia ya kawaida huanza kwa kishindo, homa kali ndani ya siku mbili tatu. TB hujongea polepole. Hata hivyo nimeshaona TB iliyokaa chini kabisa ya pafu, na nimonia iliyokaa juu, kwa hiyo mahali peke yake hapamalizi shauri.

Mbona picha ya mwanangu wa miaka 16 haifanani na ya mdogo wake wa miaka 4, na wote wameambiwa wana TB?

Hili ni swali zuri kuliko yote. Mtoto mdogo anapovuta bakteria kwa mara ya kwanza, panaota kidonda kidogo kwenye pafu, kisha bakteria husafiri hadi kwenye tezi zilizo kwenye shina la pafu, pale mirija ya hewa na mishipa ya damu inapoingia. Tezi hizo huvimba. Mtu aliyewahi kupata mtoki kinenani kwa sababu ya kidonda cha mguu aelewa mara moja: ni jambo lile lile, ila huu mtoki uko ndani ya kifua, hauguswi kwa mkono, na yategemewa picha iuonyeshe. Huonekana kama uvimbe wa mviringo kando ya kivuli cha moyo, mara nyingi zaidi upande wa kulia. Kwa mtoto, tezi zaweza kuubana mrija wa hewa hadi sehemu ya pafu ikanywea. Picha ya pili inayopigwa ubavuni husaidia sana kuziona.

Kuanzia miaka 10 hivi mambo hubadilika. Kinga ya mwili ya kijana huanza kupambana kama ya mtu mzima, na vita vyenyewe ndivyo vinavyolila pafu. Weupe huhamia juu, nyama ya pafu huyeyuka, tundu hufunguka, kisha makovu huvuta kila kitu kuelekea juu. Lakini mabarubaru na vigori wa miaka 11, 12, 13 huwa kwenye mpaka. Hao ndio utakaowakuta na tezi zilizovimba kama za mtoto, na ukungu wa juu kama wa mtu mzima, kwa pamoja. Msomaji wa picha asiyezoea rika hili aweza kuona kimoja akakiacha kingine.

Daktari amesema pafu lina "tundu". Limetoboka? Litaziba?

Tundu hilo halitokezi nje ya kifua. Ni pango ndani ya pafu lenyewe. TB huua nyama ya pafu, na nyama hiyo iliyokufa huwa laini kama jibini. Ikipata njia ya kuingia kwenye mrija wa hewa, mgonjwa huikohoa, na pale ilipokuwa pabaki wazi. Kwenye picha twaona mviringo mweusi uliozungukwa na ukuta mweupe, mara nyingi mnene.

Naomba wazazi walisikie hili kwa uzito wake. Ndani ya tundu mna hewa na mna chakula, na bakteria huzaana humo kwa mamilioni. Kila akikohoa huwatoa nje. Kijana mwenye tundu aambukiza kama mtu mzima, hata kama bado tunamwita mtoto. Nakumbuka mvulana mmoja wa kidato cha pili aliyevushwa na mama yake kutoka ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Alikuwa amepewa dawa za kikohozi duru tatu kwenye duka la dawa, kila mara nafuu siku nne tano kisha kikohozi kikarudi. Picha ilipotokea kwenye kompyuta niliona tundu juu ya pafu la kushoto, lingetosha ndimu. Chini yake, na hata upande wa pili, palikuwa na vidoa vilivyotawanyika kama matone, alama ya bakteria waliomiminika kutoka kwenye tundu kupitia mirija ya hewa wakaota kwingine. Mama aliniuliza jambo moja tu: "Na hawa wadogo zake wanne analala nao chumba kimoja?" Sikuwa na jibu la kumtuliza. Nilimwambia awalete wote kliniki.

Baadhi ya dawa za bakteria zinazouzwa madukani, hasa za kundi la levofloksasini, huipunguza TB nguvu kwa muda bila kuiponya. Ndiyo maana ya ile nafuu ya siku chache, na ndiyo sababu ugonjwa huchelewa kugunduliwa.

Kuhusu kuziba: dawa zikimezwa sawasawa, matundu mengi hunywea na kuacha kovu. Mengine hubaki wazi lakini matupu, bila bakteria hai.

Hakohoi sana, ila akivuta pumzi ubavu wamchoma, na picha yaonyesha upande mmoja wote mweupe chini.

Huenda ni maji, yaani maji yaliyojaa baina ya pafu na ukuta wa kifua. TB ya namna hii ni ya kawaida sana kwa vijana kuliko kwa watoto wadogo, na yaweza kutokea miezi michache tu baada ya kuambukizwa. Huja upande mmoja mara nyingi. Kwenye picha ile pembe kali iliyo chini, baina ya mbavu na kiwambo cha tumbo, hupotea. Maji yakizidi, weupe hupanda na ukingo wake wa juu hupinda kuelekea kwapani. Lakini maji kidogo hujificha: hadi yafike mililita 200 hivi ndipo yaonekana vizuri kwenye picha ya kusimama. Kipimo cha mawimbi ya sauti, kile kinachotumika kwa wajawazito, huyaona hata yakiwa machache.

Daktari atavuta kiasi kwa sindano ayapime. Maji ya TB huwa ya manjano hafifu. Msishangae majibu ya GeneXpert, kile kipimo cha mashine kinachotafuta bakteria wa TB, yakisema hakuna bakteria kwenye maji hayo. Humo ndani bakteria huwa wachache mno, kwa kuwa maji yenyewe yasababishwa zaidi na mwili unavyowapinga. Daktari huamua kwa kuunganisha rangi, chembechembe za kinga, umri na historia. Wazazi hukasirika hapa, wakiona "wanamtibu mtoto kwa kubahatisha." Hapana, si kubahatisha.

Ripoti imetaja "punje ndogo kila mahali".

Usiende nyumbani kwanza. Rudi kwa daktari leo hii.

Punje hizo ni za milimita 1 hadi 3, zimetapakaa sawa sawa pande zote mbili kama mtu aliyemwaga ulezi kwenye sinia jeusi. Madaktari wa zamani nao waliziita kwa jina la nafaka ya aina hiyo. Maana yake bakteria wameingia kwenye damu na kusambazwa mwili mzima, na hatari kubwa ni kufika kwenye utando wa ubongo. Kijana wa namna hii akilalamika kichwa, akitapika, akikaza shingo au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, hiyo ni dharura ya saa, wala si ya kungoja kliniki ya Jumatatu.

Picha ni safi. Basi hana TB?

Yaweza kuwa anayo. Picha safi yapunguza sana uwezekano kwa kijana mwenye kinga nzuri, lakini haiumalizi. Ugonjwa unapoanza, weupe waweza kujificha nyuma ya mtulinga au ubavu wa kwanza, au nyuma ya kivuli cha moyo. TB ya mirija ya hewa, ya tezi za shingoni, ya uti wa mgongo, zote zaweza kumwacha mtu na picha ya kifua isiyo na doa. Dalili zikiendelea, makohozi yapimwe tu, na picha irudiwe baada ya wiki kadhaa.

Kinyume chake pia ni kweli, na ndicho kinachonitia hofu zaidi. Mwaka 2016 Kenya ilifanya uchunguzi wa kitaifa wa TB kwa watu wa miaka 15 na zaidi, kwa kuwauliza dalili na kuwapiga picha za kifua. Wengi waliopatikana na TB hawakuwa na kile kikohozi cha wiki mbili tulichozoea kukiulizia. Picha ndiyo iliyowafichua. Kwa hiyo kijana anayeishi na mgonjwa wa TB apigwe picha hata kama acheza mpira kila jioni na hakohoi.

Kama si TB, yaweza kuwa nini?

Mengi. Nimonia ya bakteria wa kawaida, jipu la pafu, pumu iliyoziba mrija kwa makohozi mazito, mirija ya hewa iliyotanuka kutokana na maambukizi ya zamani, na saratani ya tezi, ambayo nayo hupenda vijana na huvimbisha tezi zile zile za kifuani. Hapa Pwani tusisahau ugonjwa wa selimundu, ule wa damu unaorithiwa (sickle cell): kijana mwenye selimundu aweza kupata weupe mkubwa wa ghafla, na maumivu ya kifua na kupumua kwa shida. Huyo ahitaji hospitali haraka, na akipelekwa kwenye foleni ya makohozi atacheleweshwa bure. Mwambie daktari kila ugonjwa alio nao mtoto tangu utotoni, hata ule unaodhani hauhusiani na kifua.

Binti yangu avaa buibui na ushungi. Atavuliwa mbele ya wanaume?

Hapana, na una haki ya kuuliza kabla. Omba mhudumu wa kike, na kama hayupo, omba mama au dada aingie naye hadi mlango ufungwe. Atapewa gauni la pamba. Picha hupigwa akiwa amekiegemeza kifua kwenye ubao, mgongo ukiielekea mashine, na mpigaji mwenyewe yuko nyuma ya kioo.

Lakini nieleze kwa nini twasisitiza vitu fulani vitolewe, maana wengi wadhani ni usumbufu. Pini ya ushungi, mkufu, vifungo vya sidiria, na hirizi yenye kipande cha madini ndani, vyote hutoka vyeupe kama mfupa. Nywele nazo! Misuko minene ikishuka mabegani hutengeneza vivuli vyembamba juu ya ncha za mapafu, mahali pale pale TB inapopenda kukaa. Siku moja nilileta picha ya msichana wa miaka 14 kwa daktari, na wote wawili tukaona mistari ya weupe juu ya pafu la kulia. Tulikuwa karibu kumwandikia vipimo vyote. Kisha nikamtazama yule mtoto pale kwenye benchi: misuko mipya ya sikukuu, minene, imelala bega la kulia. Nilimfungia juu ya kichwa, nikapiga tena. Pafu likawa safi kama kioo. Tangu siku hiyo kila anayeingia, nywele kwanza. Hirizi ikivuliwa, mzazi aishike mkononi mwake, hapotezi kitu.

Kwa wasichana waliokwisha kukua, titi nalo huongeza ukungu kidogo upande wa chini, pande zote mbili. Msomaji mzoefu hulijua hilo.

Atoe mabega mbele, avute pumzi, azuie. Yote haya ya nini?

Mabega yakienda mbele, mifupa ya bapa ya mgongoni huondoka juu ya mapafu. Pumzi ikivutwa vizuri, pafu hujaa na kujifungua. Tukihesabu mbavu za nyuma juu ya kiwambo twataka kufika 9 au 10. Kijana akipumua nusu, sehemu ya chini hujikunja na kuonekana nyeupe, na hapo ndipo watu huandikiwa nimonia wasiyokuwa nayo. Mfundishe nyumbani kabla hamjatoka. Dakika moja yatosha.

Mionzi haitamdhuru? Ameshapigwa mara mbili mwaka huu.

Picha moja ya kifua ya kutokea mbele ina mionzi ya takriban milisivati 0.02. Binadamu hupata wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula bila kwenda hospitali. Kwa hiyo picha moja ni sawa na siku tatu hivi za kuishi tu hapa duniani. Mara mbili kwa mwaka si tatizo, ukilinganisha na hatari ya TB iliyoachwa. Lisilofaa ni kurudia picha kila mwezi "ili kuangalia maendeleo" bila sababu.

Msichana aliyevunja ungo aseme kama kuna uwezekano wa mimba. Aulizwe faragha, mama akiwa nje kidogo. Mimba haizuii picha pale inapohitajika, kwa kuwa miale yaelekezwa kifuani na kipimo chake ni kidogo, lakini twataka kujua ili tumkinge.

Tumeshalipa picha. Makohozi ya nini tena?

Kwa sababu bakteria wa TB aonekana kwenye makohozi, na kwenye picha twaona alama zake tu. GeneXpert hujibu kwa saa 2 hivi mara kipimo kikianza, na pamoja na kusema kama TB ipo, huonyesha kama imekaidi rifampisini, dawa iliyo uti wa mgongo wa matibabu. Hakuna picha ya kifua duniani inayoweza kukuambia hilo. Kijana aliye na TB sugu na kijana aliye na TB ya kawaida waweza kuwa na picha zinazofanana kabisa.

Vijana wana nafuu moja juu ya watoto wadogo: waweza kutoa makohozi wenyewe wakifundishwa. Asubuhi, kabla ya kula, akisukutua mdomo kwa maji, akivuta pumzi mbili tatu za kina kisha akohoe kutoka ndani. Mate hayana faida. Atoe nje, mahali penye upepo, watu wasimzunguke. Vijana huona haya, na wengi hutema mate ili wamalize.

Katika vituo vya umma vipimo vya makohozi na dawa za TB ni bure. Picha mara nyingi hulipiwa, ila uliza kliniki ya TB kabla ya kwenda dirisha la malipo, iwe ni Makadara, Port Reitz, Tudor au Likoni.

Mwanangu aishi na virusi vya ukimwi tangu kuzaliwa. Picha yake husomwa vivyo hivyo?

La. Kinga ikiwa imeshuka sana, matundu hupungua, kwa sababu kama nilivyosema tundu huchimbwa na vita vya kinga. Badala yake twaona tezi kubwa, weupe wa chini au wa popote, punje zilizotapakaa, au picha iliyo safi kabisa huku makohozi yana bakteria. Akianza dawa za virusi vizuri na kinga ikapanda, TB iliyojificha yaweza kujitokeza ghafla kwenye picha. Asiache dawa yoyote kwa hofu hiyo. Arudi kliniki.

Je, picha ndiyo huamua atameza dawa miezi mingapi?

Kwa kiasi, na umuhimu huo umeongezeka. Matibabu tuliyoyazoea ni miezi 6: dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza miezi 4 kwa watoto na vijana wa miezi 3 hadi miaka 16 ambao TB yao si kali. Kutambua kwamba si kali kwategemea sana picha: kusiwe na tundu, kusiwe na punje zilizotapakaa, ugonjwa uwe kwenye sehemu moja tu ya pafu, na tezi zisiwe zimeziba mrija wa hewa. Kijana mwenye tundu hayumo kwenye kundi hilo. Uamuzi ni wa daktari wake. Mzazi asikate dawa mwezi wa nne kwa sababu amesikia jirani alimaliza mapema.

Mwezi mmoja wa dawa, picha mpya yaonekana mbaya kuliko ya kwanza. Dawa hazifanyi kazi?

Mtazame mtoto kwanza, picha baadaye. Anakula? Uzito umepanda? Homa imekwisha? Ikiwa ndiyo, tezi au maji kuongezeka kidogo mwanzoni ni jambo linalojulikana: kinga imeamka na yafanya fujo. Ikiwa anakonda na homa ipo, hapo twauliza juu ya usugu, na kama kweli vidonge vyamezwa. Ulizeni kwa upole. Kijana wa bweni aweza kuvificha vidonge mfukoni wiki nzima kwa kuogopa wenzake wasimwite mgonjwa.

Amepona, ila picha bado ina alama. Sasa ataka kazi Ghuba.

Alama hizo ni makovu: mistari migumu, vidoa vyeupe vya chokaa, pengine pafu lililovutika juu. Hubaki maisha yote na haziambukizi mtu. Lakini vijana wetu wengi wa miaka 18 na 19 wanaoomba kazi nchi za Ghuba hupigwa picha ya kifua, na kovu la zamani laweza kuwakwamisha. Kovu haliondoki kwa dawa, na anayekuuzia dawa ya "kusafisha picha" akuibia. Beba kadi ya kumaliza matibabu, majibu ya makohozi ya mwisho, na picha za zamani ili zilinganishwe. Kovu ambalo halijabadilika kwa miaka ni kovu, na bila picha ya zamani hakuna wa kulithibitisha.

Picha yafunguza swaumu?

Hakuna kinachoingia mdomoni wala mwilini kwa sindano. Ni picha tu. Mwenye shaka amuulize sheikh wake. Kuhusu dawa, mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Akichagua kufunga baada ya kupata nguvu, azungumze na nesi wa kliniki juu ya saa za kumeza, pengine wakati wa daku. Kinachokatazwa ni kuruka dozi.

Nikutumie picha kwa WhatsApp uniangalizie?

Nielewe nikikataa. Filamu ikipigwa kwa simu mbele ya dirisha, mwanga hurudi, ncha za mapafu hufifia, na zile punje za milimita 1 hupotea kabisa. Nimeshaona picha ya simu ikionekana safi, na filamu yenyewe imejaa punje. Leta bahasha.

Nasikia kompyuta zasoma picha siku hizi.

Ni kweli, na zasaidia pale daktari wa picha hayupo. Programu huitazama picha na kutoa alama, na ikipita kiwango fulani mtu hupelekwa kupima makohozi. Shirika la Afya Duniani lilizikubali mwaka 2021 kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Kwa kijana wa miaka 12 mwenye tezi zilizovimba, nataka jicho la mtu.

Nizitunze vipi picha hizi?

Filamu haipendi joto wala unyevu, na Mombasa tuna vyote viwili. Usiiweke chini ya godoro, hunata na kukwaruzika. Usiikunje iingie kwenye mkoba. Iache ndani ya bahasha yake, isimame wima kabatini, mbali na dirisha. Andika nje kwa kalamu ya wino: jina la mtoto, tarehe, na alikuwa mwezi wa ngapi wa dawa. Ukipewa picha kwenye sidii, hakikisha yafunguka kabla hujaondoka hospitalini.